Maisha ya Pili ya Oili Nyekundu: Gia Otomatiki katika Ngara na Biharamulo

Historia ya usafiri katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kawaida huandikwa kama historia ya barabara na mpaka: njia za misafara ya zama za Wajerumani, lami iliyofuata mabonde hadi Rusumo, daraja la mto Kagera, na malori yaendayo Kigali na Bujumbura. Yaliyomo ndani ya magari yenyewe hutajwa kwa nadra, na kati ya hayo oili ya gia boksi otomatiki ndiyo iliyosahauliwa zaidi, ingawa inaonyesha waziwazi namna chombo kilichobuniwa kwa ajili ya watu wa mbali kilivyopokewa, kikaeleweka nusu, kisha kikazaa desturi zake mpya huko kilikofika. Matunzo ya oili hiyo katika wilaya hizo mbili yalirithi mambo mawili yasiyopatana, yaani mazoea ya madereva na mafundi wa malori ya gia za mkono, na maagizo ya viwanda vya Marekani na Japani ambavyo vilipima umri wa gari kwa kipimo cha mmiliki wake wa kwanza. Na imani nyingi za gereji za huko kuhusu oili hiyo, za kweli na za uongo, zilizaliwa katika pengo lililobaki kati ya urithi huo.

Mazingira ya nchi yana uzito wake katika habari hii. Biharamulo, ambako Wajerumani walijenga boma lao mwanzoni mwa karne ya 20, ni nchi ya vilima na misitu inayopakana na pori la Burigi, ambalo tangu 2019 limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Ngara, nchi ya Wahangaza na Washubi, imeinuka zaidi, na sehemu yake iitwayo Bugufi ilikatwa kutoka Burundi baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikatiwa upande wa Waingereza, jambo lililoufanya mpaka wa Kabanga kuwa mstari uliopita katikati ya ndugu. Barabara kuu itokayo Isaka hupita Nyakanazi, Lusahunga, Nyakahura na Benaco, kisha huteremka hadi maporomoko ya Rusumo, mahali ambapo Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alivukia kuingia Rwanda mwaka 1894. Kutoka Lusahunga hadi Rusumo ni takriban kilomita 90 za kupanda na kushuka, na yeyote aiachaye barabara hiyo kuelekea Ngara mjini, Rulenge au Murusagamba hukutana na miinuko mingine, mingi yake ikiwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika. Kwa gari la gia za mkono miinuko hiyo ni kazi ya mguu na mkono wa dereva. Kwa gari la gia otomatiki ni kazi ya oili.

Katika sehemu kubwa ya karne ya 20 kazi hiyo ya oili haikujulikana huko kwa sababu haikuwepo. Land Rover za serikali na za misheni, Bedford na Isuzu za wafanyabiashara, na baadaye Scania zilizounganishwa Kibaha, zote zilibadilishwa gia kwa mkono, na gia boksi zake zilitiwa oili nzito iliyojulikana gerejini kwa namba tu, tisini au mia na arobaini. Oili ya namna hiyo ina kazi moja kubwa, nayo ni kulainisha meno ya chuma yanaposagana. Fundi aliikagua kwa kufungua nati ya ubavuni na kuingiza kidole: ikigusa kidole, inatosha, isipogusa, huongezwa. Ilibadilishwa pale tu gia boksi ilipofunguliwa kwa sababu nyingine, na lori lilivumilia. Uvumilivu huo ndio uliowafundisha mafundi wa vizazi viwili kwamba gia boksi ni kitu cha kuachwa kipumzike, tofauti na injini ambayo hudai oili mpya kila baada ya kilomita elfu kadhaa.

Pamoja na mazoea hayo ya gerejini yalikuwapo mazoea ya barabarani. Gari ambalo betri yake imekufa lilisukumwa na abiria, dereva akaachia klachi gia ya pili, likawaka. Kwenye mteremko mrefu, kama ule unaoelekea mtoni Rusumo, dereva aliyetaka kuokoa dizeli alitia nyutro akaliacha lori litiririke kwa uzito wake, kitendo kilichowaua wengi kwa sababu ya breki kupata moto, lakini ambacho gia boksi yenyewe haikukilalamikia. Gari lililoharibika porini lilifungwa kamba au mnyororo likakokotwa na lori jingine hadi mjini, magurudumu yote yakizunguka chini. Mambo hayo matatu, yaani kusukuma, kutiririka na kukokotwa, yalikuwa sehemu ya elimu ya dereva kamili wa njia hiyo. Na mashine iliyokuja baadaye ilikuwa na sababu ya kuyakataa yote matatu.

Asili ya mashine hiyo iko mbali na magari. Mwaka 1905, wakati maofisa wa Kijerumani walipokuwa bado wapya katika boma la Biharamulo, mhandisi Hermann Föttinger huko Ujerumani alipata hataza ya chombo cha kuhamisha nguvu ya mashine ya meli kwa njia ya kimiminika badala ya meno ya chuma. Ndani ya chombo hicho gurudumu moja lenye mapanga huisukuma oili, nayo oili hulisukuma gurudumu la pili lililo mkabala nalo, bila magurudumu hayo kugusana. Kizazi cha chombo hicho ndicho kinachoitwa leo torki konveta, bakuli kubwa la chuma lililo kati ya injini na gia boksi otomatiki, ambalo huchukua nafasi ya klachi inayokanyagwa kwa mguu. Mwaka 1939 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitangaza Hydra-Matic, gia boksi otomatiki ya kwanza kuuzwa kwa wingi, ikaitia kwenye magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Na katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia gia hiyo iliingizwa katika vifaru vyepesi vya jeshi la Marekani, ambako ilithibitika kwamba kimiminika kinaweza kubeba mzigo ambao wengi walidhani ni wa chuma pekee.

Hapa ndipo tofauti kati ya oili mbili inapodai kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa bila hiyo desturi za Ngara na Biharamulo hazieleweki. Oili ya gia otomatiki hulainisha kama oili nyingine, lakini hiyo ni sehemu ndogo ya kazi yake. Ndani ya torki konveta ndiyo inayobeba nguvu ya injini. Ikitoka humo, husukumwa na pampu hadi kwenye valvu bodi, bamba lenye vijia vingi vyembamba kama mashimo ya mchwa, ambalo huamua gia ipi iingie. Kisha huvibana kwa shinikizo vifurushi vya klachi, ambavyo ni sahani za chuma zilizopangwa kwa kupishana na sahani zilizovikwa ngozi ya nyuzi, ili gia iliyochaguliwa ishike. Wakati huohuo hulichukua joto linalozaliwa humo na kulipeleka mbele ya gari, kwenye bomba lililozamishwa ndani ya rejeta, na hubeba uchafu wa sahani zinazolika mpaka kwenye chujio. Kwa hiyo lazima iwe nyepesi kiasi cha kupita kwenye vijia, laini kiasi cha kufanya chuma kisilike, na wakati huohuo yenye mshiko unaotosha kuziacha sahani za klachi zigandane bila kuteleza. Ulaini na mshiko katika kimiminika kimoja ni matakwa yanayopingana, na historia yote ya oili hii ni historia ya wakemia kutafuta suluhu kati yake.

Mwaka 1949 General Motors ilitoa kiwango cha kwanza kilichojulikana kote, kilichoitwa Type A, na oili hiyo ikatiwa rangi nyekundu ili mwenye gari aione ikivuja na asiichanganye na oili ya injini. Rangi hiyo haina kazi yoyote ndani ya mashine. Kwa muda mrefu kimojawapo cha viungo vilivyoipa mshiko wake mwanana kilikuwa mafuta ya nyangumi wa aina ile ile ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki waliijua tangu zamani kwa sababu ya ambari, manukato yaliyookotwa ufukweni. Na wavuvi wa nyangumi kutoka Marekani walikuwa wakitia nanga Zanzibar katika karne ya 19 wakimwinda mnyama huyo huyo. Sheria za Marekani za kulinda wanyama walio hatarini zilipoufunga mlango huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, viwanda vililazimika kuunda viungo mbadala, na oili yenye jina la Dexron, iliyotangazwa mwaka 1967, ikaingia toleo lake la pili. La tatu lilifuata mwaka 1993, na la sita mwaka 2005. Kuanzia mwisho wa 2006 General Motors haikutoa tena leseni kwa oili ya toleo la tatu, lakini makopo yenye maandishi hayo yameendelea kuuzwa Afrika Mashariki hadi miaka ya karibuni, kila kiwanda kikijidhamini chenyewe.

Njia ya mashine hii kufika Kagera ilipitia Japani. Toyota ilianza kutumia gia otomatiki yake iliyoitwa Toyoglide mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1969 kampuni ya Aisin iliungana na BorgWarner ya Marekani kuanzisha Aisin-Warner, kiwanda ambacho gia boksi zake zimo katika sehemu kubwa ya magari ya Toyota yanayotembea Tanzania. Kufikia mwaka 1991 gia otomatiki ilikuwa imezoeleka nchini Japani kiasi kwamba ilianzishwa leseni ya udereva kwa ajili yake peke yake. Jambo lenye uzito zaidi kwa habari hii, hata hivyo, ni ukaguzi wa lazima wa magari uitwao shaken, ambao gari jipya hupitia baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, kwa gharama ambayo humfanya Mjapani wa kawaida aliuze gari lake likiwa bado na nguvu. Ukaguzi huo ulizaa bahari ya magari yaliyotumika yasiyo na soko kwao, yenye usukani upande wa kulia, upande ule ule unaohitajiwa na nchi zinazoendesha kushoto.

Tanzania ililifungua lango mwaka 1984, pale bajeti iliyosomwa na Waziri wa Fedha Cleopa Msuya ilipowaruhusu wenye fedha za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa chanzo cha fedha hizo. Magari yaliyoanza kuingia kwa njia hiyo yalibaki kwanza Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, na wilaya za mpakani ziliendelea na gia zao za mkono kwa muongo mmoja zaidi. Hata tukio kubwa kuliko yote katika historia ya barabara za Ngara halikuibadili hali hiyo papo hapo. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, wakakusanyika Benaco, mahali palipobeba jina la kampuni iliyokuwa imeweka hapo kambi yake ya ujenzi wa barabara. Na chakula chao kikawa kikiletwa kwa reli hadi Isaka kisha kwa malori. Land Cruiser nyeupe za mashirika ya misaada, zilizoifanya Ngara ionekane kama mji wa magari kabla haijawa na mji wenyewe, zilikuwa kwa sehemu kubwa za gia za mkono. Zilichokileta zaidi ni utamaduni wa matunzo kwa daftari: kila gari na kitabu chake, kila kilomita elfu kadhaa na orodha ya kazi, kila oili na namba yake. Wakimbizi wa Rwanda walirejeshwa kwao Desemba 1996, na wale wa Burundi walibaki katika kambi ya Lukole kwa miaka zaidi, lakini mafundi waliopitia karakana hizo za misaada walikuwa wamekwisha kuona kwamba gari linaweza kutibiwa kabla halijaugua.

Gia otomatiki yenyewe iliingia wilayani ikiwa imepakia abiria. Mwanzoni mwa karne ya 21 Noah, Carina, Spacio na baadaye Probox zilianza kuchukua nafasi ya pikapu na malori katika safari fupi kati ya Biharamulo, Lusahunga, Nyakanazi, Benaco, Ngara na Kabanga, na gari dogo la namna hiyo, linalojaza abiria kupita idadi ya viti vyake, likapewa katika Kanda ya Ziwa jina la mchomoko. Lilikuwa gari lililoundwa kumpeleka mtu na mkewe sokoni katika mji wa lami wa Japani. Huku lilipewa watu wanane, gunia la maharage na mikungu ya ndizi, likaelekezwa mlimani. Torki konveta inapopanda mlima na mzigo huo kwa mwendo mdogo, magurudumu yake mawili ya ndani huachana mwendo, oili husukwa bila kuzaa safari, na nguvu inayopotea hugeuka joto. Nalo joto ndilo adui mkuu wa oili hii, kwa kuwa huichoma viungo vyake, huifanya iwe nyeusi yenye harufu ya kitu kilichoungua, na huigeuza kuwa utomvu unaoziba vijia vya valvu bodi. Dereva huhisi kwanza gia ikichelewa kuingia, kisha injini ikinguruma bila gari kuongeza mwendo, hali ambayo mafundi huielezea kwa neno moja, kwamba gia inateleza.

Mafundi waliopokea magari hayo walihitaji jina la kimiminika hicho chekundu, nao walikiita haidroliki. Jina lilitokana na ukweli mmoja, kwa sababu oili ya Dexron ilitumika pia katika usukani wa nguvu wa magari mengi, na usukani huo ni mtambo wa haidroliki kweli. Lakini neno hilo hilo lilikuwa tayari jina la oili ya tipa, yaani oili inayoinua bodi la lori la mchanga, ambayo haikuundwa kwa ajili ya sahani za klachi na haina mshiko zinaouhitaji. Jina moja likabeba vitu viwili, na duka la spea linaloulizwa haidroliki linaweza kutoa chochote kati yake kwa uaminifu kamili. Hata ndani ya oili nyekundu zenyewe jina lilificha mengi, kwa maana Toyota ilikuwa imeachana na Dexron katika magari yake mengi ikatoa oili yake ya T-IV katika miaka ya 1990 na nyingine iitwayo WS, nyepesi zaidi, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na zote ni nyekundu. Rangi iliyobuniwa ili kumtofautishia mmiliki wa Oldsmobile oili mbili ikawa, nusu karne baadaye, kifuniko cha tofauti kati ya oili tano au sita.

Mazoea ya lori yalijaribiwa juu ya mashine hii, moja baada ya jingine. Kusukuma kulishindikana mara moja na bila madhara: pampu ya oili huzungushwa na injini, hivyo injini ikiwa imezimika hakuna shinikizo, na bila shinikizo hakuna gia inayoshika hata kijiji kizima kikisukuma. (Gia otomatiki za awali za Marekani zilikuwa na pampu ya pili upande wa nyuma iliyowezesha gari kuwashwa kwa kusukumwa, lakini viwanda viliiondoa katika miaka ya 1960 ili kupunguza gharama, na hivyo faida ambayo ingewafaa sana watu wa Nyakahura ikafutwa miongo kadhaa kabla hawajaihitaji.) Kutiririka na kukokotwa kulikuwa na hatari kubwa zaidi kwa sababu kulifanyika bila kelele. Gari la otomatiki linalokokotwa kwa kamba kupita msitu wa Biharamulo, magurudumu yanayoendeshwa na gia boksi yakizunguka chini na injini ikiwa imezimwa, husaga vyuma vyake vya ndani bila tone la oili inayosukumwa. Likifika gerejini na tatizo la injini, huondoka na matatizo mawili. Desturi ya kuliinua upande wa magurudumu hayo au kulipakia juu ya lori ilienea polepole, na ilienea kwa hasara.

Upimaji wa oili nao ulidai kujifunzwa upya. Oili ya injini hupimwa asubuhi injini ikiwa baridi na imezimwa, na fundi aliyezoea hivyo alichomoa stiki ya gia boksi kwa utaratibu huo huo. Lakini oili ya gia otomatiki hutanuka sana ipatapo joto, na injini ikizimika sehemu yake hurudi chini kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya gia boksi, ndiyo maana magari mengi ya Toyota yana stiki yenye alama mbili, ya moto na ya baridi, na huagiza kipimo kifanyike gari likiwa limetembea, limesimama mahali tambarare, injini ikinguruma, baada ya kupitisha mkono wa gia katika nafasi zote. Kiasi kikizidi, vyuma vinavyozunguka huisuka oili mpaka itoe povu, na povu hubanwa likasinyaa mahali ambapo kimiminika kisingesinyaa, hivyo klachi huteleza kama vile oili imepungua. Kosa la kuongeza na kosa la kupunguza huzaa dalili moja, jambo linaloeleza kwa nini mabishano ya gerejini kuhusu gari moja yanaweza kuchukua siku nzima, na pande zote mbili ziwe na ushahidi.

Imani iliyoshika mizizi kuliko zote ni ile isemayo kwamba oili ya zamani isiguswe, kwa kuwa gari likibadilishiwa oili gia boksi hufa. Imani hii haipatikani Kagera peke yake. Inasikika Nairobi, Kampala na hata Marekani kwenyewe, na si upuuzi mtupu. Katika gia boksi iliyochakaa, vumbi la sahani za klachi lililoelea ndani ya oili huongeza msuguano kidogo, na oili mpya yenye sabuni hubandua utomvu uliokuwa umetulia na kuusukuma kwenye vijia. Lakini mpangilio wa matukio una maelezo mepesi zaidi. Mmiliki aliyelelewa na desturi ya lori hafikirii oili ya gia boksi mpaka gia ianze kuteleza. Anapoibadilisha, ugonjwa umekwisha kukomaa. Gari linapokufa wiki mbili baadaye, lawama humwangukia fundi wa mwisho na kopo jipya. Mafundi wenye busara wa njia ya Rusumo walijikinga kwa kukataa kazi hiyo, na kila aliyekataa aliipa imani hiyo nguvu mpya.

Viwanda navyo vilichangia. Magari yaliyotiwa oili ya WS yaliuzwa kwa maelezo kwamba oili yake haihitaji kubadilishwa katika matumizi ya kawaida, na mengi yake yalinyimwa stiki, hivyo kuyakagua kunadai kufungua nati maalumu chini ya sampo wakati oili iko kwenye joto la takriban nyuzi 40 za Selsiasi, na kutazama kama inadondoka. Neno la kuchunguzwa hapo ni kawaida. Vitabu hivyo hivyo vya viwanda hutenga masharti magumu, ambayo ni vumbi, milima, mizigo mizito, na kwenda polepole kwa muda mrefu, na chini ya masharti hayo huagiza oili ibadilishwe. Kwa kipimo hicho barabara ya Lusahunga hadi Kabanga haijapata kuwa na siku moja ya kawaida. Tena, maisha ambayo oili hiyo iliahidiwa kudumu yalihesabiwa Nagoya au Detroit, mahali ambapo gari la miaka kumi hutazamwa kama lililokwisha. Gari hilo linaposhushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi Biharamulo, huwa linaanza maisha ya pili na oili ya maisha ya kwanza, na kitabu chake, kama kimesafiri nalo, kimeandikwa Kijapani.

Desturi iliyoibuka katika gereji za huko baada ya miaka mingi ya hasara ilikuwa ya kati, na inastahili kusifiwa kwa busara yake. Gia boksi ndogo ya Toyota hubeba jumla ya lita 6 au 7 hivi, lakini nati ya sampo ikifunguliwa hushuka kiasi cha lita 3 tu, kwa kuwa nyingine imebaki ndani ya torki konveta na kwenye mabomba. Upungufu huo, ambao mwanzoni ulionekana kuwa kasoro, uligeuzwa kuwa njia: fundi humwaga kinachomwagika, hurudisha kiasi kile kile alichokipima kwenye chupa za maji, huliacha gari lifanye kazi majuma kadhaa, kisha hurudia, ili oili mpya iingie taratibu bila kuushtua mwili wa zamani. Pamoja na hilo ilikuja desturi ya kudondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe na kulisoma: jekundu angavu ni zima, la kahawia limechoka, jeusi lenye harufu ya kuungua ni la kuzungumza na mwenye gari kwanza. Tone la rangi ya waridi iliyochanganyika na maziwa ndilo linaloogopwa zaidi, kwa maana ni dalili kwamba bomba lililo ndani ya rejeta limetoboka na maji yameingia kwenye gia boksi, ambako hubandua ngozi ya sahani za klachi kutoka kwenye chuma chake. Katika nchi ambako rejeta nyingi hujazwa maji ya kisima au ya mto badala ya kimiminika kinachozuia kutu, tone hilo lina historia yake lenyewe.

Mpaka uliongeza fundisho lake. Rwanda na Burundi huendesha kulia, Tanzania kushoto, na tangu 2005 Rwanda imezuia kuingizwa kwa magari yenye usukani wa kulia. Hivyo Rusumo pakawa mahali ambapo madereva hubadilishana pande za barabara na ambapo koo mbili za magari hukutana, yale ya Japani yaliyopitia Dar es Salaam na yale yenye usukani wa kushoto yaliyotoka Ulaya na kwingineko. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha forodha, vilivyofunguliwa rasmi Aprili 2016 na marais John Magufuli na Paul Kagame, viliharakisha kupita kwa malori yaliyozoea kukesha foleni. (Magufuli alikuwa amewahi kuwa mbunge wa Biharamulo Mashariki na Waziri wa Ujenzi, kwa hiyo aliijua barabara hiyo pande zote mbili, kama msafiri na kama mjenzi.) Malori yenyewe yalianza kuja na gia zinazojibadilisha, kama I-Shift ambayo Volvo iliitoa mwaka 2001, na jina otomatiki likatanuka tena kupita maana yake: ndani ya gia boksi ya namna hiyo kuna meno na klachi kavu za lori la zamani, zikiendeshwa na kompyuta na hewa iliyobanwa, na oili yake ni ya ukoo wa ile nzito iliyopimwa kwa kidole. Fundi aliyejifunza kwa tabu kwamba otomatiki hunywa haidroliki nyekundu alipaswa kujifunza kwamba otomatiki hii hainywi.

Mabadiliko ya karibuni zaidi yameigusa rangi yenyewe. Magari mengi madogo yaliyoundwa Japani baada ya mwaka 2000 yana gia iitwayo CVT, ambayo haina gia za kuhesabika. Ndani yake mna puli mbili zinazotanuka na kusinyaa, zikiunganishwa na mkanda wa chuma, wazo lililoanzia kwa kampuni ya DAF ya Uholanzi mwaka 1958 kwa mkanda wa mpira. Mkanda huo hushika puli kwa msuguano wa chuma juu ya chuma kupitia utando mwembamba wa oili, na oili ya Dexron au ya T-IV ikitiwa humo mkanda huteleza na kuuchana uso wa puli, uharibifu usio na matengenezo ya gerejini. Oili zake zina majina ya pekee kwa kila kiwanda, na ile ya NS-2 ya Nissan ni ya kijani. Mwenye duka la spea Biharamulo mjini anayepanga makopo yake kwa rangi, kama alivyofundishwa na aliyemtangulia, sasa hulazimika kuchukua tochi, kufunua boneti na kusoma maandishi madogo kwenye stiki kabla ya kupokea fedha.